Jicho Linalosinzia

Mjomba wangu anakata karatasi kwenye kiwanda cha madaftari. Mashine yake ina kisu kirefu, na pembeni kuna kijitaa tunachokiita jicho. Ukiingiza mkono, jicho linauona, kisu hakishuki.

Basi jicho likaanza kusinzia. Siku kumi kimya, halafu kisu kinashuka mkono ukiwa ndani. Mara ya kwanza kilimkata mjomba ukucha tu.

Fundi ni mimi. Nimeitwa mara tatu. Kila nikifika wanazima mashine kubwa ya kuchapa iliyo jirani, wananiletea kiti, kimya kama msibani. Naingiza kipande cha ubao, kisu kinagoma kushuka. Mara mia, kinagoma mara mia.

"Inakuogopa, mjomba," akasema mjomba wangu. Tunaitana hivyo hivyo. "Ukitoka tu inaota meno."

"Au wewe unazeeka."

"Acha nizeeke na vidole kumi. Usiandike ni nzima."

Msimamizi alikuwa nyuma yetu. "Imeharibika wapi, fundi? Nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Jicho nilishabadilisha mara mbili. Nikaandika kwenye fomu yake: nzima. Nikasaini. Mjomba akarudi mahali pake.

Alhamisi saa nne asubuhi nikapigiwa simu. Nilipofika, mjomba walishamkimbiza hospitali, na kwa ile taharuki hakuna aliyekumbuka kuzima mashine kubwa. Ilikuwa inanguruma, sakafu inatetemeka mpaka magotini. Nikaingiza ubao. Kisu kikashuka, kikaukata.

Nikafungua sanduku la umeme. Waya unaotoka kwenye jicho ulikuwa unacheza kwenye skrubu yake kwa ule mtetemo, kama jino bovu. Nikakaza, nusu mzunguko wa bisibisi. Nikaingiza ubao mwingine. Kikagoma.

"Sisi tulikuwa tunazima ili upate utulivu," akasema dada wa mashine kubwa, machozi yanamtoka. "Ni heshima tu, kaka. Mbona hukutuambia tuache?"

Sikuwahi hata kuuliza.

Jumatatu nikaenda kumchukua mjomba hospitali. Vidole vinne vya mkono wa kulia havipo.

"Umeuona ugonjwa wake?"

"Skrubu. Ilikuwa imelegea."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na ile fomu ulisaini."

"Nilisaini."

Akawa anahangaika na shati kwa mkono wa kushoto.

"Nifungie hivi vifungo," akasema. "Anza na cha juu."