Matita Sita ya Mbavuni

Mjomba Ghumur aliniambia neno moja tu kabla hatujatoka Timia: usilale ukitembea. Nikacheka. Nani analala akitembea? Nilikuwa na miezi minne tangu nitoke shule Agadezi, nimeshindwa kukaa kwenye dawati, miguu inaniwasha muda wote, nikajua kutembea ndiyo kazi niliyoumbiwa.

Mama akanikabidhi Abzaw. Ngamia mzee wa kijivu, sikio moja limechanika, ndiye pekee aliyebaki katika wale wa marehemu baba.

"Chumvi utakayopata Bilma ni yako," mama akasema. "Ukikosa, shauri yako. Lakini huyu nirudishie."

Wazee waliokuwa wanafunga mizigo wakatazamana. Atefok, mtoto wa Mjomba, akadakia. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani wako mpaka kaburini, hana adabu na wewe na wewe huna adabu naye. "Shangazi," akasema, "huyo ngamia atatubeba sisi, au sisi ndio tumbebe yeye?"

"Atakubeba wewe ukifa," mama akamjibu, na watu wakacheka, safari ikaanza.

Sasa Tenere, jangwa lile, sijui niisemeje. Milima ikishabaki nyuma, hakuna kitu. Hakuna jiwe, hakuna mti, hakuna hata nzi. Ngamia themanini wamefungana, kamba ya huyu kwenye tandiko la yule, watu tisa, tunatembea toka alfajiri mpaka nyota zitoke, na hatusimami. Kula ni kutembea. Bakuli la uji baridi wa mtama, jibini na tende linapita mkono kwa mkono, unapiga mafunda mawili unampa wa nyuma. Chai Atefok anaichemsha huku anatembea, jiko lake dogo la makaa linaning'inia kwenye waya, na anatukana kila akijiunguza.

Siku ya tatu nikaacha kuhisi miguu. Mchanga na mbingu vikawa rangi moja, ukawa hujui unakwenda mbele au umesimama na dunia ndiyo inarudi nyuma. Nikaanza kusikia vitu. Mtu anatwanga. Mbuzi wanarudi zizini. Halafu baba, aliyekufa nikiwa na miaka kumi, anatembea upande wa pili wa Abzaw, ameshika tandiko, wala hasemi kitu, kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi. Sikushangaa. Nilimwona tu nikaendelea.

"Msomi!" Atefok ananipiga na ufito. "Umefumba macho wewe."

"Nafikiri."

"Unafikiri huku unakoroma?"

Siku ya nne, mchana, tukafika Mbavuni. Ni mahali pa mbavu za ngamia aliyekufa zamani, zimesimama kwenye mchanga kama vidole. Hapo ndipo tunapoacha nyasi. Kwenda, unabeba nyasi za njia nzima, kwa sababu Tenere haioti kitu. Njiani unashusha matita unayaacha, ili wakati wa kurudi, ngamia wamechoka na chumvi mgongoni, wakute chakula. Nyasi hizo hakuna anayezilinda. Kila ukoo una fundo lake, na fundo ndilo linasema hizi za nani. Fundo la akina Mjomba, mkia wa kamba unafichwa ndani. La akina baba, mkia unaachwa nje, mrefu, unapepea. Msafara mwingine ukipita na njaa yake, unatazama fundo, unapita. Ukila nyasi za mwenzako umeua ngamia wake, na mwenzako labda pia.

"Shusha sita," Mjomba akaniambia bila kugeuka. "Kamba zimelegea, zifunge upya, utukute mbele."

Nikashusha sita. Nikazifunga. Nikakimbia nikaukuta mkia wa msafara. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka, lakini nakumbuka kama unavyokumbuka ndoto asubuhi. Baba alikuwepo pale, nakumbuka, amechuchumaa.

Bilma tulikaa siku sita. Nikapata nguzo zangu sita za chumvi, zile ndefu zinazofika juu ya goti, nikazifunga kwa mikeka zisivunjike, tatu kila upande wa Abzaw. Nilizipapasa kila saa. Zilikuwa mali yangu ya kwanza duniani. Kwenye soko la kusini zingetoka mtama wa mwaka, na juu yake kitu cha kumpelekea msichana mmoja ambaye simtaji hapa kwa sababu Atefok atasikia.

Kurudi ndiyo kurudi. Nyasi tulizobaki nazo ziliisha mapema, upepo ulitupinga siku mbili. Abzaw nundu yake ikalegea upande, kama mfuko uliomwagwa nusu. Hakulalamika. Ngamia akilalamika bado ana nguvu. Huyu alikuwa kimya, na mimi nilikuwa namsemesha. "Mbavuni, mzee wangu. Kesho Mbavuni. Matita sita."

Tukafika Mbavuni jua la saa nane. Matita yalikuwepo. Ngamia wakayanusa toka mbali, mstari mzima ukaanza kuvuta kamba. Mimi nikakimbia mbele nacheka.

Mjomba alikuwa ameshafika, ameinama. Akasimama, akapandisha litham, kitambaa chake cha uso, mpaka chini ya macho. "Si yetu," akasema.

"Mjomba, ni sita."

"Kila mtu anaacha sita. Tazama fundo."

Nikatazama. Mkia wa kamba ulikuwa nje, mrefu, unapepea.

"Ni ya akina baba yako," Mjomba akasema. "Walitoka nyumbani siku mbili kabla yetu. Lakini Bilma tuliwaacha, bado wako nyuma. Zetu mchanga umezila, au ulizishusha kwingine, sijui. Twende."

Nikaitazama mikono yangu. Mtu wa kwanza kunifundisha kufunga tita alikuwa baba. Usingizini mkono unafanya nini? Unafanya ulichojifunza kwanza.

"Mjomba," nikasema, "nadhani nimezifunga mimi."

Mjomba akanigeukia.

"Unadhani?"

"Nilikuwa... nilikuwa nimechoka. Labda nilifunga kama baba."

"Labda."

"Aape basi yaishe!" Atefok akaruka. "We si ulipelekwa shule kunoa ulimi? Ngamia wananiangalia mimi kama nyasi!"

"Nyamaza, Atefok." Mjomba akanisogelea. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Mwanangu, sikiliza. Kama una hakika, shika fundo, taja jina la Mungu, sema ni zangu. Ngamia watakula sasa hivi na hakuna atakayekuuliza tena. Lakini kama ni za Ghabdi, wa ukoo wa baba yako, na watu wake, wanakuja nyuma yetu na ngamia arobaini, watakuta mchanga mtupu. Shika, useme."

Nikapiga magoti nikashika fundo. Abzaw alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake inanigusa shingo. Nikafumba macho nikaitafuta ile siku. Jua lilikuwepo. Mbavu zilikuwepo. Kamba inapita juu, inazunguka, inavutwa. Nikatazama mikono inayovuta, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, na kovu lake la kisu kwenye kidole gumba. Nikajaribu tena. Mikono ya baba. Nikajaribu kuisukuma iondoke niweke yangu, ikagoma.

Ningeweza kuapa. Nasema kweli, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilimtaka yule ngamia aishi kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na pengine zilikuwa zangu, pengine kabisa. Lakini pengine huliapii.

Nikaachia fundo.

"Sina hakika," nikasema.

"Twende," Mjomba akasema. Kuwavuta ngamia wapite pale ilikuwa kazi. Abzaw aligeuza shingo akatazama nyuma mpaka yale matita yakawa nukta, nukta ikayeyuka.

Tukawapa tende zetu zilizopondwa, kila ngamia konzi moja. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Abzaw akapiga magoti. Taratibu tu, kama mzee anayekaa kupumzika kidogo. Nikavuta kamba, hakusogea. Akaweka shingo chini mchangani.

Msafara hausimami kwa ngamia mmoja, hiyo najua toka utotoni. Unafungua kamba, unagawa mzigo kama kuna mgongo wa kuubeba, na hapakuwa na mgongo. Unaondoka. Wengine wanamfunika macho ngamia kwanza.

Mjomba akaja. "Mfungue," akasema polepole.

Nikafungua, lakini mzigo tu, si kamba yake. Nikashusha nguzo moja moja, nikazisimamisha mchangani, sita, na mikeka yake. Halafu nikachomoa kisu nikapasua tandiko. Mito ya tandiko imeshindiliwa nyasi, si unajua, ili mbao zisimkate mgongo. Nyasi kuukuu, nyeusi kwa jasho, zinanuka. Nikachukua konzi nikampelekea mdomoni. Akanusa. Akala.

"Unajua unachofanya?" Mjomba akauliza. "Tandiko likiisha, mgongo huo haubebi hata kibuyu mpaka nyumbani."

"Najua, Mjomba."

"Na chumvi yako?"

"Ibaki."

Akaenda zake mbele, na nikasikia anapaza sauti msafara uende mwendo wa pole. Mwendo wa pole! Mjomba Ghumur, ambaye hajawahi kumsubiri mtu hata akijisaidia.

Atefok akabaki na mimi. Alikuwa ameshika mkeka wake wa kulalia, wa nyasi, kauleta toka kwao. Akaanza kuuchana.

"Usinishukuru," akasema. "Ulikuwa na kunguni."

Tulimlisha tandiko zima na mkeka mzima. Jua likapinda. Abzaw akanyanyua shingo, akanguruma, na ule mngurumo, wallahi, sijasikia ngoma tamu kama ile. Akasimama miguu ya nyuma kwanza, akayumba, akasimama yote. Tukaondoka watatu tukifuata nyayo. Nilipogeuka, nguzo zangu sita zilikuwa zimesimama peke yake katikati ya weupe ule, kama watu wanaongoja kuitwa. Zitakaa. Chumvi ya mtu haiguswi nayo.

Usiku tukaufikia msafara. Sijui tulitembeaje zile siku zilizobaki. Nakumbuka mkono wangu kwenye shingo yake, joto lake, na Atefok akiimba nyimbo za matusi ili tusilale. Siku ya tatu mbele yetu kukawa na kitu cha kijani. Nikadhani naota. Abzaw hakudhani, alikwenda moja kwa moja akatia kichwa chote ndani ya mgunga, miiba na yote.

Tulipumzika pale. Siku ya pili yake msafara wa Ghabdi ukatokea, ngamia wake wamekonda mpaka unahesabu mbavu. Ghabdi ni binamu wa baba, mtu mnene wa maneno. Akamsalimia Mjomba, habari za safari, habari za ngamia, habari za uchovu, zote njema kama ilivyo desturi. Wakanywa chai.

"Mbona wamekonda hivyo?" Mjomba akauliza. "Mbavuni si mmekuta nyasi zenu?"

"Zetu?" Ghabdi akasema. "Sisi tuliacha kusini, kwenye mchanga mwekundu, upepo ukazifunika. Mbavuni tumekuta sita, fundo letu kweli. Nikawaambia vijana, hizi zitakuwa za wale ndugu zetu wa Tabelot, wako nyuma, watazihitaji. Tukapita." Akanywa funda. "Halafu jana wale wa Tabelot wametufikia. Wanasema mwaka huu hawakutoka na nyasi kabisa, wamenunua tende."

Mjomba akaweka glasi chini. Pole pole watu wote wakanigeukia mimi.

Atefok ndiye aliyeanza. Alilia kicheko mpaka akalala chali. "Misafara miwili!" anapiga mchanga kwa viganja. "Ngamia mia na ishirini wamepita mbele ya chakula kwa heshima ya usingizi wa mtu mmoja!" Ghabdi alipoelezwa akacheka mpaka akapaliwa chai, na hata Mjomba niliona macho yake juu ya litham yanabana. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Halafu nikacheka pia, utafanyaje.

"Sasa unaweza kuapa," Mjomba akaniambia.

Tulipoingia Timia mama alikuwa amesimama njiani. Aliona tangu mbali mgongo mtupu wa Abzaw, mbao hakuna, chumvi hakuna. Hakuniuliza, Atefok alikuwa ametangulia akamsimulia yote. Akamzunguka yule ngamia mara mbili, akaikanda nundu iliyolala, akapitisha kidole kwenye sikio lililochanika, akamwinua mdomo akatazama meno kama mtu anayetaka kununua.

"Umenirudishia mifupa," akasema.

"Inatembea, mama."

"Naona." Akachukua kamba mkononi mwangu. "Mwaka ujao utafuata chumvi yako. Lakini huendi naye. Huyu sasa amestaafu."

"Nitakwenda na nani?"

"Mwombe Ghabdi ngamia. Mwambie atalipwa nyasi."

Akamvuta Abzaw kwenda kisimani, na mimi nikawafuata.