Vitrini Isiyo na Viatu

Mimi si mtu wa picha. Simu yangu ina kioo kilichopasuka, na vidole vyangu vimezoea kamba za magunia kuliko vitu vya kugusagusa. Lakini kila nikitoka Kasaji kupeleka mihogo na asali Kolwezi, mji wa migodi, mke wangu Laurentine ananiagiza jambo moja: nimpigie picha za vitrini, yale madirisha ya maduka ya nguo. Yeye ni fundi cherehani. Wateja wake hawajui kueleza wanachotaka, wanataka waonyeshwe modeli, wanyooshe kidole, waseme "hii." Kwa hiyo nikishashusha mzigo naenda kusimama barabarani, mtu mzima na mvi zangu, nawapiga picha wanawake wa plastiki.

Kazi yenyewe si rahisi. Kolwezi ukitoa simu ukaielekeza mahali, mlinzi anakuja mbio, maana kila mtu anadhani umetumwa kuchunguza habari za madini. Mlinzi mmoja aliniuliza nani ananilipa. Nikamjibu ni mke wangu, na mshahara wangu ni chakula cha jioni. Alicheka, akaniacha.

Nilipiga maduka sita, saba, lakini picha ya mwisho siku zote ilikuwa ya duka la Mama Aicha, karibu na soko. Hiyo niliipiga kutoka ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya muuza vocha, na sikuvuka kamwe. Laurentine hakuniuliza kwa nini picha ile inakuwa ya mbali. Alijua. Katika duka lile anafanya kazi mtoto wetu Chancelle, na ndiye anayezivalisha zile sanamu. Jirani aliyemwona ndiye aliyetuletea habari.

Niseme nilichofanya, maana nikizungukazunguka nitaonekana mwema. Chancelle ni mtoto wetu wa nne. Nilimpeleka Kolwezi kusomea uuguzi, na mwaka wa pili akaacha. Alinipigia simu mwenyewe, kwa adabu, akasema kuona damu kunamshinda, anazimia, na anapenda nguo kama mama yake. Hasira ikanipanda mpaka utosini. Nikamwambia: "Mi niko na batoto batatu. Wa ine alikufa." Nikakata simu. Alibadilisha namba wiki ileile. Kichwa kigumu kile hakukiokota barabarani, alikirithi kwangu.

Miaka miwili imepita. Kwetu, Baluba tuliotoka Kasai, neno kama hilo halipotei hewani. Linamkalia mtoto. Akiugua, watu watauliza baba yake alisema nini. Akienda kujifungua, kina mama watamuuliza kabla hawajamshika: uko sawa na baba yako? Na anayeweza kuliondoa ni mmoja tu, yule aliyelitamka, kwa mdomo wake, uso kwa uso. Simu haifai, mjumbe hafai, hata mama mzazi hafai. Ndiyo maana Laurentine hakwenda. "Neno ni yako," aliniambia, mara moja tu. "Mi nikienda, nitamupelekea machozi bule." Baada ya hapo ndipo alipoanza kuniagiza picha.

Tukaishi hivyo, wazee wawili wanaodanganyana kwa upendo. Narudi safari, tunakaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, naye anapitisha picha za maduka mengine harakaharaka. Akifika kwa Mama Aicha anapunguza mwendo. "Huyu mwenye kupamba iko na mukono," anasema, kana kwamba anamsifu mgeni. Nami najibu, "Anajaribu." Mara nyingine nilimkuta ameisimamisha simu yangu juu ya cherehani, anaitazama, wala hashoni kitu. Nilikuwa najifanya natafuta kofia.

Mwezi wa sita nilirudi na picha kama kawaida. Laurentine alipofika kwenye ile ya mwisho hakusema habari ya mkono. Aliivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akashuka nayo mpaka chini. Akarudi kwenye picha ya mwezi wa tano, kisha ya mwezi wa nne, kisha tena ya sasa.

"Ona chini," akasema.

"Chini kuko nini? Ni sakafu."

"Njo ile. Sakafu bule."

Akanionyesha polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kushona kifungo. Tangu alipokuwa anapamba wanasesere wake wa magunzi, Chancelle huanza chini akapanda juu. Katika picha za zamani kila sanamu ilikuwa na viatu vyake, pindo la kitenge limekunjwa vizuri, mikoba imepangwa sakafuni. Mwezi wa nne viatu vilikuwapo, lakini kamba hazikufungwa. Mwezi wa tano ilibaki jozi moja. Sasa sanamu zote tatu zilisimama miguu mitupu, mapindo yananing'inia ovyo, na mapambo yote yamehamia shingoni na mabegani.

"Amechoka," nikasema. "Ao patron hamulipe muzuri."

Laurentine akanitazama. Tangu tupate watoto ananiita Tata ya Muamba, yaani baba yake Muamba, kwa jina la kifungua mimba wetu, kama ilivyo desturi. Siku ile aliniita kwa jina la yule niliyemzika hai.

"Tata ya Chancelle," akasema, "mutu mwenye kupamba hii vitrini haweze kuinama."

Bado sikuelewa. Mimi ni mtu wa magunia. Ilibidi auweke mkono wake juu ya tumbo lake mwenyewe ndipo akili ikaniingia. Yeye alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Bamama batamuuliza," akasema. "Atabajibu nini?"

"Nitaenda safari ya mbele."

"Safari ya mbele ni mwezi ya mbele. Mi nilizala batoto ine, najua kuhesabia. Enda kesho."

Nilipanda lori la mtu bila gunia hata moja, na wenzangu wa njiani wakanitania kwamba nimekuwa mtalii. Sikuwa na hamu ya kutaniwa. Njia nzima, katika vumbi lile la kiangazi, nilikuwa napanga hotuba. Ilikuwa na methali mbili na mstari wa Zaburi. Ilikuwa hotuba nzuri sana, na niliijua yote kwa moyo tulipoingia mjini.

Nilisimama nyuma ya meza ya muuza vocha kama nilivyozoea. Yule muuza vocha akaniangalia.

"Tata, leo haupige foto?"

"Leo hapana," nikasema. Nikapiga moyo konde, nikavuka.

Mama Aicha ni mwanamke mnene mwenye ushungi wa kijani, wazee wake walitoka upande wa mashariki, na anajua kupokea watu. Alinikaribisha akaniuliza natafuta nguo ya nani. Nikamwambia natafuta mtoto wangu. Hakuuliza yupi. Alinyoosha kidevu upande wa vitrini.

Chancelle alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya sanamu zake, anaifunga moja kilemba. Akasimama kwa kujishikilia ukutani. Tumbo lilikuwa limemtangulia, miezi saba au minane, mama yake hakukosea. Amenenepa uso. Amefanana na marehemu mama yangu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu azaliwe. Hotuba yangu ikaniishia yote, methali na Zaburi.

"Tata," akasema. Hakutabasamu. "Uko na batoto batatu. Mi niko wa ngapi?"

Ilikuwa haki yake kuuliza. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

"Uko wa ine," nikasema. "Haukukufa. Mi njo nilisema mubaya."

Nikamgeukia Mama Aicha, nikamwomba maji ya kuliondolea lile neno. Akanipa mfuko mmoja wa maji baridi, ule wa kung'ata pembeni. Nikasukutua mdomo vizuri, nikaenda mlangoni, nikayatema barabarani, kwa sababu neno kama hilo hutemwa nje. Nikarudi ndani nikajaza mdomo mara ya pili. Hapa baba hupuliza kidogo tu, kama ukungu, juu ya kifua cha mtoto. Lakini badala ya kupuliza nikamwaga. Maji yakamlowesha Chancelle, yakailowesha na sanamu ya jirani yake.

"Tata!" Mama Aicha akapiga kelele. "Ile robe ni hariri! Inatoka Dubai!" Halafu akaliangalia lile tumbo, akashusha sauti. "Bon. Ongeza kwa mutoto pale, isimukose."

Nikaongeza. Nikaweka mkono juu ya kichwa cha binti yangu na kusema nililopaswa kusema: "Neno lilitoka mu huyu mudomo, na huyu mudomo umeliondoa. Zala muzuri. Na kama mutoto atatoka na kichwa nguvu, ni yangu, usilaumu mutu."

Hapo ndipo midomo yake ilipoanza kucheza. Akajifuta maji usoni, au machozi, sijui, vyote vilikuwa pamoja.

"Nilikuwa nakuona, tata," akasema. "Pale kwa muuzaji wa unités. Kila mwezi. Nilikuwa napamba vizuri siku zako, juu ya mama aone. Na kila mara nilikuwa nasema: leo atavuka."

Barabara ile ina hatua kumi na mbili. Nimezihesabu wakati wa kurudi. Hatua kumi na mbili, na nilitumia miaka miwili, nikaacha mtoto abebe mimba yake kwa hofu kwa ajili ya kiburi changu. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Niliona aibu, na bado naiona.

Chancelle aliinua kikapu kilichokuwa nyuma ya kaunta, akatoa sahani iliyofunikwa: ugali tunaouita bukari, majani ya viazi vitamu, na samaki mmoja mkavu aliyepikwa na nyanya. Chakula chake cha mchana. Kwetu mtu aliye na neno moyoni hali sahani moja na wewe, hata mkikaa meza moja, na mimi nilijua hilo, na yeye alijua kwamba najua. Mama Aicha akavuta viti viwili, akaenda kushughulika na nguo yake iliyolowa. Chancelle akanimiminia maji ya kunawa. Akamega samaki, akauweka upande wenye nyama mbele yangu, akajibakizia kichwa.

"Kula, tata," akasema.

Nilikula nikilia, naye akalia akila, na bukari ilikuwa imepoa kabisa.