Basi la Nailobi

Makau wa Kianda alikuwa na donge moja tu la plastiki ya kufinyanga. Ukiitia kwenye maji moto, inalainika kama ugali. Ukiikandamiza juu ya basi dogo alilolichonga kwa mbao, inashika sura yote, na ikipoa inakuwa ngumu kama mfupa. Hapo unamimina plasta ndani na kutoa basi lingine. Ukimaliza unairudisha majini, inasahau kila kitu.

Rafiki yake Osewe, aliyemshikia kibanda cha mabasi Makau akienda kanisani, aliiazima eti atengeneze mpini wa kisu. Aliirudisha ikiwa donge safi, laini kama yai.

Jumamosi Makau alipita Kawangware, akamkuta Osewe amepanga mabasi madogo juu ya gunia, akiwaapia wateja: "Haki ya Mungu, nimechonga na hii mikono yangu!"

Makau aliinua moja. Usoni limeandikwa NAILOBI, vile ulimi wake wa Kikamba, unaogeuza r kuwa l, ulivyomponza siku ya kulichonga lile la mbao, Osewe akamcheka hadi machozi.

"Osewe, ndugu yangu," akasema polepole, "Mjaluo ameanza lini kusema Nailobi?"