Fimbo Mpya ya Stambuli

Stambuli bin Athman alikuwa fundi cherehani mtaa wa Shela, Malindi, na kanzu zake zilivaliwa mpaka Mambrui. Mwaka 1983 klabu moja ya zamani, iliyoachwa na walowezi kule upande wa ufuoni, ilimpa kazi ya kushona sare za wahudumu. Siku alipozipeleka ndipo alipoiona meza ya snuka kwa mara ya kwanza, na kitambaa chake cha kijani na mipira ya rangi juu yake. Karani mmoja wa benki, Phineas, mtu wa Meru, alikuwa akicheza peke yake.

"Fundi, njoo ujaribu," Phineas akamwambia, akampa fimbo.

Mkono uliozoea mkasi hautetemeki. Haikupita nusu mwaka Stambuli alikuwa akimfunga mwalimu wake. Kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri alifika klabuni, Phineas na bia yake, yeye na soda yake ya tangawizi, wakacheza mpaka adhana ya Magharibi. Watu walishangaa urafiki ule, Mswahili wa mjini na mtu wa bara, lakini wao wenyewe hawakuona la kushangaza. Phineas alikuwa akila sikukuu ya Idi nyumbani kwa Stambuli, na Mastura, mkewe Stambuli, alimwekea sahani yake hata kabla hajabisha hodi.

Mwaka 1985 Stambuli akaanza kukosa. Mpira uliolala sawasawa mbele ya mfuko ulikuwa ukimpita. Mara nyingine aliuacha mpira wa wazi kabisa, kana kwamba haupo, akahangaika na mwingine ulio mbali. Wenzake wa klabu walipomwonyesha, aliguna tu.

"Ni fimbo," Phineas akamwambia siku moja. Aliilaza fimbo ya klabu juu ya meza akaiviringisha, nayo ikaruka-ruka kama mguu wa kilema. "Hii imepinda. Na hiki kingozi cha nchani kimekuwa kigumu kama ukucha. Mtu wa kiwango chako hachezi na kuni, bwana. Nunua yako."

"Mimi mchezaji wa Jumamosi tu, Phineas. Fimbo yangu mwenyewe ya nini?"

"Je, wewe hushona kwa cherehani ya kuazima?"

Neno hilo lilimwingia. Usiku ule alimsimulia mkewe, na Mastura akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema lake.

"Jana ulimkanyaga mwanao Kibibi mkono," akasema. "Mtoto amekaa mkekani, kushoto kwako, mchana kweupe."

"Sikumwona. Chumba kina kiza."

Mastura hakuridhika. Jumamosi iliyofuata Phineas alipompitia mumewe, Mastura alimzuia ukumbini. "Shemeji, mtazame mwenzako. Naogopa macho yake."

Phineas akacheka, si kwa dharau. "Shemeji, mimi nimemwona akitunga uzi kwenye sindano mara moja, bila miwani. Macho yake yanashinda yangu. Shida ni ile fimbo."

Na kweli, sindano ilikuwa ikitungwa. Kilicho mbele ya uso wake Stambuli alikiona mpaka nyuzi za kitambaa. Basi Mastura akanyamaza, na fedha walizoziweka kwa ajili ya kuezeka upya makuti ya nyumba zikaenda kwenye fimbo.

Phineas ndiye aliyemwagizia, kwa mwenzake wa Nairobi. Ilikuja ndani ya sanduku jembamba lenye mahameli, vipande viwili vya kuunga kwa shaba, mti wake mweupe wenye mishipa myembamba, imenyooka kama alifu. Stambuli aliishika siku nzima. Alipocheza nayo kwa mara ya kwanza aliingiza mipira sita mfululizo, na Phineas akapiga kelele mpaka wahudumu wakatoka jikoni.

Wiki mbili alicheza vizuri. Baadaye makosa yakarudi, na kila yaliporudi alijiambia kwamba hajaizoea bado fimbo mpya. Phineas naye alimwambia vivyo hivyo.

Agosti 1986 hoteli moja ya Kikambala ilitangaza mashindano. Stambuli aliingia, akashinda mechi mbili za asubuhi. Ya tatu alipangiwa Mwaura, mfanyabiashara wa Mtwapa, mtu mpole mwenye kitambi. Ilibaki mipira miwili ya kuingiza, wa waridi na mweusi, huku ule mweupe wa kupigia umesimama karibu na ukingo. Phineas alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Stambuli aliinama kuulenga wa waridi, akajinyoosha juu ya meza, na kabla hajapiga, mkono wa shati lake wa kushoto ukausukuma ule mweusi.

"Faulo," akasema mwamuzi.

"Faulo ya nini?"

"Umegusa mpira, mzee," Mwaura akasema taratibu. "Kwa mkono wa shati."

"Muongo! Hapakuwa na mpira hapo!"

Mpira ulikuwa pale pale, upande wa kushoto, shubiri moja kutoka kiwiko chake, na kila mtu aliuona. Stambuli akageuka kumtafuta rafiki yake. "Phineas. Waambie."

Phineas alisimama. "Uligusa, Stambuli," akasema. "Nimeona."

Stambuli aliifungua fimbo vipande viwili, akaitia sandukuni, akatoka. Safari ya kurudi Malindi kila mmoja alisafiri peke yake, na Jumamosi iliyofuata meza ya klabu haikuchezewa. Miezi saba hawakusemezana. Mara mbili Phineas alikuja mpaka mlangoni, na mara zote mbili Mastura alitumwa aseme mwenye nyumba amelala.

Machi mwaka uliofuata Stambuli alikuwa akivuka barabara ya sokoni akagongwa na baiskeli iliyokuja upande wa kushoto, ikipiga kengele. Hakuumia sana. Lakini mwenye baiskeli, huku akimfuta vumbi, alimwuliza, "Kwani mzee huoni?" na hapo barabarani, kwa mara ya kwanza, Stambuli aliziba jicho la kulia kwa kiganja. Mji wote ukatoweka.

Daktari wa Mombasa aliwaeleza kwa upole. Ni presha ya macho. Haiumi, huanza pembeni ikila kidogo kidogo kuelekea katikati, na mtu huendelea kusoma na kutunga uzi asijue. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiwa na tundu dogo, nalo dawa zitajaribu kulichelewesha. Mastura akauliza, je, wangekuja miaka miwili nyuma? Daktari alitazama tena karatasi zake. "Tungeokoa mengi," akasema.

Habari zilimfikia Phineas benki. Alikwenda saa ile ile, na safari hii Mastura hakumzuia wala hakumkaribisha.

"Mwaka mzima mlizungumza fimbo," akamwambia. "Fimbo, fimbo. Mimi nilikwambia macho."

"Uliniambia, shemeji."

Alimkuta Stambuli amekaa kitandani. Phineas alikaa sakafuni, akalia kama mtoto.

"Basi," akasema Stambuli. "Na mimi nilikuwa na mke mwenye akili, sikumsikiliza. Fimbo ilikuwa nzuri, Phineas. Usije ukawaambia watu kwamba fimbo ilikuwa mbaya." Akapapasa chini ya kitanda, akavuta sanduku. "Mpelekee yule Mwaura. Mwambie alisema kweli, nami nilimwita muongo mbele za watu. Aniwie radhi."

Phineas alipeleka. Tangu hapo, kila Ijumaa alitoka benki saa ya chakula, akamshika Stambuli mkono mpaka msikitini, akamsubiri barazani nje mpaka sala iishe. Karibu mwaka mzima. Tundu la jicho la kulia lilizidi kuwa dogo, na cherehani ikauzwa.

Mwaka 1988 Phineas alihamishiwa Meru. Alimwambia njiani, wamekaribia msikiti, kwamba Jumatatu anaondoka.

"Nilijua," akasema Stambuli. "Leo umetembea polepole."

Ijumaa iliyofuata Stambuli alioga mapema, akavaa kanzu, akakaa kwenye baraza la nyumba yake. Adhana ikaadhiniwa. Mastura akatoka kumwambia kwamba Seif, jirani, yuko tayari kumpeleka.

"Mwambie atangulie," akasema. "Mimi nakuja."

Alikuwa bado amekaa pale watu walipoanza kurudi kutoka msikitini.