Mrihani wa Harusi ya Ikra

Niliporudi mtaani kwetu Wabera kutoka kumuuguza shangazi, mrihani wangu haukuwa na ua hata moja. Jirani yangu Kinanu, mama yake Bridget, niliyemwachia kazi ya kuumwagilia, alikuwa ameyanyofoa yote, naye amesimama pale anangoja asante.

"Mama Ikra, hiyo maua ilikuwa inamaliza nguvu ya majani," akasema. "Mimi yangu natoa kila mara."

Yake, ndiyo. Kinanu ni Mmeru, mkulima tangu utotoni, na mrihani wake ni ule wa majani mapana anaouzia hoteli moja mjini. Ukichanua tu, majani yanaingia uchungu na mpishi hayataki. Wangu una majani membamba, shina na maua ya zambarau, mbegu za marehemu mama, na kwetu hauliwi. Tunachotaka ni ua na harufu yake. Binti yangu Ikra alikuwa anaolewa mwezi uliofuata, na katika ukoo wetu bibi harusi hatoki nyumbani bila mrihani uliochanua nyweleni. Nilimfokea Kinanu bila haya, na salamu zake nikaacha kuziitikia.

Mmea wenyewe haukununa. Kila aliponyofoa palichipuka matawi mawili, na kila tawi likafunga kichwa. Lakini vichwa vilibaki vya kijani, vimefumba, na harusi inabisha hodi. Usingizi ulinipaa.

Siku ya kuamkia harusi nikachungulia kwake kupitia seng'enge. Mrihani wake ulikuwa umechanua wote, mweupe pe. Nikamcheka moyoni kwa uvivu wake, kisha kicheko kikanikwama. Hakuwa amenyofoa hata ua moja tangu nilipomfokea. Majani ya hoteli yalikuwa yameharibika yote.

Asubuhi alikuja na fungu mkononi. "Salaam aleikum, Mama Ikra. Harufu si kali kama ya yako, lakini imefunguka."

Wangu nao ulikuwa umefunguka alfajiri ile, na maua nilishayachuma. Hakujua. Nikayafunika kwa leso, nikamshika mkono.

"Ingia, Mama Bridget. Umvalishe wewe."

Alimchomeka Ikra maua yale polepole, na mimi nikalia kwa furaha. Mawifi zangu wakauliza tangu lini mrihani wa ukoo ukawa mweupe. Nikawajibu kuwa huu nao ni wetu.