Sufu ya Rangi ya Komamanga

Bi Ghanima alisema anataka rangi ya komamanga, nami nikaitikia kwa kichwa. Kosa lote lilianzia hapo. Sijawahi kuona komamanga maishani mwangu.

Alikuwa ameketi mkekani nyuma ya duka la mumewe, Bwana Azzan, pale mtaani Asiatique, na mashada matano ya sufu nyeupe mapajani. Binti yake Mahfudha alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na mume alikuwa na duka Bururi, kule milimani kwenye baridi. Bi Ghanima alitaka kumfumia sweta kwa mkono wake mwenyewe. Sufu nyeupe ilipatikana. Rangi aliyoitaka haikuwepo mjini.

"Nimeambiwa unatia rangi huko kwenu Buyenzi," alisema. "Ukinitolea hiyo sawasawa, nitamwambia Azzan akupe msumari dukani. Utatundika sufu zako, watu wazione."

Msumari ule niliutaka kuliko kitu chochote. Mama mdogo Béatrice, ninayekaa naye tangu tulipovuka kutoka Uvira wakati wa vita, alikwisha kuniambia: mwezi ukiisha na bado ninamaliza makaa yake kwa sufu ambazo hakuna anayezijua, nitakwenda Kajaga kwa shemeji yake Byamungu, kuanika ndagala, dagaa wa ziwani. Byamungu si mtu mbaya. Lakini niliwahi kuanika ndagala miezi minne, na wanunuzi wake hupiga kelele kutoka alfajiri, wanataka ujibu kila tusi kwa tusi. Mimi siwezi. Shule niliiachia mwaka wa nne. Kutia rangi ndiyo kazi ninayoijua vizuri, na sufuria haitaki mazungumzo.

Ningeuliza tu: Mama, komamanga likoje? Maneno matatu. Nilirudi nayo mdomoni mpaka Buyenzi.

Nyumbani nilimuuliza mama mdogo.

"Komamanga?" alisema. Alikuwa anamenya mihogo. "Ile tunda ya Waarabu. Mi nitaiona wapi?"

"Iko na rangi gani?"

"We ulikuwa mbele yake, na haukumuuliza?" Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Mutoto huyu! Siku moja nyumba itaungua, na we utangoja mutu akuulize kama kuna moshi."

Ndipo nikakumbuka kanisani. Mhubiri alituambia habari za joho la kuhani wa zamani, kwamba pindoni lilikuwa na makomamanga ya nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu. Nikafurahi peke yangu. Nilidhani nimepata jibu bila kumsumbua mtu.

Nilianza na mashada mawili. Niliyalowesha kwanza katika maji ya uvuguvugu, nikachanganya unga wa rangi nyekundu na wa buluu kidogo, nikatia siki, nikaweka sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Moto nilitaka mdogo. Maji yatetemeke tu, yasichemke, maana sufu ikichemshwa na kukorogwa hushikana na kuwa ngumu kama kofia. Halafu nikangoja. Sufu hunywa rangi polepole, na ukiwa na subira utafika wakati ambapo maji yanabaki meupe kama hujatia kitu. Nikayaacha mashada yapoe humo humo. Yalipokauka yalikuwa mazuri mpaka nikamwita jirani ayaone, mimi ambaye simwiti mtu.

Bi Ghanima aliyashika kwa vidole viwili.

"Hii nini?"

Nikatazama vidole vyake.

"Hii ni biringanya! Mahfudha! Njoo uone, mama yako anakufumia biringanya."

Mahfudha alitoka jikoni, akaligusa shada moja, akaliweka shavuni. "Mbona nzuri, mama."

"Nani kakuuliza? Bibi harusi hana macho." Akanigeukia. "Kesho nitakuja mwenyewe. Nitasimama juu ya sufuria."

Alikuja kweli, na mwavuli wake. Alikaa kwenye kigoda cha mama mdogo, magoti yakigusa mbabula, akaamuru nyekundu tupu. Nilitumbukiza mashada mengine mawili. Hazikupita dakika kumi akaruka.

"Hiyo hapo! Ndiyo hiyo! Toa!"

Sufu ilikuwa nyekundu ya kupendeza, lakini ilikuwa imelowa, na sufu iliyolowa huonekana imekolea kuliko ilivyo. Tena rangi ilikuwa bado majini, haijanywewa hata nusu.

"Bado, ma..."

"Bado nini? Ninaona au sioni? Toa, itaungua!"

Nikatoa. Nilipoisuuza, wekundu wote ulimwagika uani ukapita mpaka kwenye mlango wa jirani. Mama mdogo alikuwa anatazama kutoka dirishani, akanikodolea macho: sema! Bi Ghanima naye alikuwa anasifu. Usiku sikulala kwa hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu ya mdomo wangu mwenyewe.

Asubuhi sufu ilikuwa na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Niliipeleka Asiatique hivyo hivyo.

"Jana nimeiacha nyekundu, kwa macho yangu haya," alisema Bi Ghanima. Sasa hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umeibadilisha, wewe. Sufu yangu umeiweka wapi?"

Nilitaka kumwambia kuhusu maji, siki, na mambo yote ya jana. Nilichosema ni, "Apana, mama."

"Apana, apana! Mahfudha, lete kile kikopo, huyu alione komamanga kwa macho yake, asiwe na udhuru tena."

Mahfudha alileta kikopo cha chai. Ndani mlikuwa na maganda makavu ya komamanga, ambayo Bi Ghanima huyachemsha mtu akiumwa na tumbo. Akanitilia moja kiganjani. Lilikuwa gumu, la kahawia, kama kipande cha kisigino cha kiatu. Nilikuwa nimekesha, nimepoteza siki na makaa, nimeitwa mwizi, na sasa nilikuwa nimeshika kisigino. Swali likatoka lenyewe.

"Na likiwa bichi?"

"Likiwa bichi ni jekundu."

"Jekundu la nyanya? La damu?"

"Jekundu lake lenyewe! La komamanga!"

"Mama," alisema Mahfudha taratibu, "wewe uliliona wapi? Si ulizaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu?"

Bi Ghanima alikizungusha kikopo mapajani. "Bibi yako alinisimulia," alisema mwishoni. "Kwao Oman, penye kisima, ulikuwepo mkomamanga mmoja. Alikuwa akisema ni jekundu kama..." Hakumaliza. Alikuwa analitazama ganda kiganjani mwangu.

Nikaogopa kwamba nikinyamaza tena nitanyamaza moja kwa moja. Nikasema bila kupumua: ile ya biringanya haiwezi kurudi kuwa nyekundu, sufu huwezi kuipunguza rangi bila kuiharibu, lakini hizi mbili za ufizi na ile moja nyeupe zinaweza kuifuata biringanya, na ni lazima zikae majini mpaka zinywe zote, na mtu asizitoe.

"Biringanya, basi," alisema Mahfudha. "Si mimi nitakayevaa?"

Bi Ghanima alilichukua ganda lake, akafunga kikopo. "Fanya," alisema.

Nilihangaika siku nne. Ile nyeupe ilitii. Zile mbili zilikuwa na wekundu wao tayari, nikizidisha buluu zinalala, nikipunguza zinawaka. Mama mdogo alihesabu makaa kwa sauti. Siku ya tano niliyalaza mashada matano uani juani, nikashindwa kujua lipi ni lipi.

Nilimpelekea Bi Ghanima, akayatafutia kosa mpaka mbele ya taa. "Haya," alisema. "Nenda, mwanangu."

Sikuinuka.

"Unangoja nini?"

"Msumari, mama."

"Si nilisema komamanga?"

"Ulisema."

Nyuma ya pazia Mahfudha alicheka kwa nguvu. Bi Ghanima alivuta pumzi, akaita: "Azzan! Mpe huyu ule wa nyuma ya mlango."

Nyuma ya mlango hakuna mwanga hata wa mchana. Nilitundika mashada sita, kijani, njano, buluu, na yote yakaonekana meusi. Mama mdogo amenipa mwezi mmoja zaidi. Siku mbili za kwanza hakuna aliyeyatazama. Siku ya tatu mwanamke mmoja aliyapapasa, akauliza kama hatuna sufu ya rangi. Bwana Azzan alikuwa anapima sukari, akaninyooshea kidevu.

Nilishusha lile la kijani, nikatoka nalo mpaka barabarani. Nilipogeuka, mwanamke alikuwa bado amesimama ndani. Nikarudi mlangoni.

"Njoo nje, mama," nilisema. "Humo hutaiona rangi."

Ilibidi niseme mara mbili. Ya kwanza haikusikika.