Sauti Zilizogeuka Karatasi

Binti alipofungua kompyuta mbele ya fundi, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo, akaweka mkono kifuani kama mtu aliyepaliwa. Fundi wa hospitali, aliyekuwa ameketi pembeni yake akiunganisha waya wa tableti, aliuacha waya ukining'inia. Mama, kwenye kiti chake karibu na dirisha, aliwatolea macho wote wawili, maana siku hizi hakuwa na njia nyingine ya haraka ya kuuliza kuna nini.

Mzee Masijala, baba wa binti, alikuwa anaingia na trei ya chai, meno yote nje. Alikuwa anasubiri kusifiwa.

"Yamebadilika," binti alisema. "Yote! Haya yalikuwa sauti. Sasa yamekuwa karatasi."

Ni kweli. Wiki iliyopita kila faili la sauti kwenye folda ile lilikuwa na kipicha cha alama ya muziki. Leo kila moja lilikuwa na kipicha cha karatasi yenye mistari, mia nne na kumi na mawili, yamejipanga kwa utulivu. Binti akabonyeza la kwanza. Ukafunguka ukurasa uliojaa uchafu: vimraba, alama za kuuliza, herufi zilizobebana bila mpango. Akabonyeza la pili, la tatu, la kumi. Uchafu mtupu.

"Sauti ya Mama," alisema. "Sauti ya Mama yote ilikuwa humu."

Wiki saba nyuma, madaktari walikuwa wamemtoa Mama kisanduku cha sauti kilichoko kooni, kwa sababu kukiacha mle ndani kungemuua. Walimwambia mapema, bila kumficha. Kwa hiyo katika siku zake kumi za mwisho za kusema, binti aliazima maikrofoni, akajifungia na mama yake chumbani, wakarekodi. Nina kiu. Geuza mto. Nani amekuja? Usinidanganye. Kila sentensi na faili lake. Leo fundi amekuja kuzihamishia kwenye tableti, ili Mama akibonyeza picha, tableti iseme, na iseme kwa sauti yake mwenyewe. Mama aliisubiri siku hii kuliko alivyosubiri kutolewa nyuzi. Tangu asubuhi alikuwa amejifunga kitambaa kipya shingoni.

"Kuna flashi yoyote ya mtu imechomekwa humu?" fundi aliuliza. "Au umefungua barua pepe usiyoijua? Kuna virusi vinavyokamata mafaili ya watu namna hii."

"Hakuna! Kompyuta haitoki humu ndani. Wanaoigusa ni mimi na Baba tu."

Vikombe vikagongana kwenye trei. Mzee Masijala alikuwa bado amesimama pale pale, lakini tabasamu lilikuwa limemkauka usoni.

Hili jina la Masijala hakupewa na wazazi wake. Alilipata ofisini, alikofanya kazi miaka thelathini na minne katika chumba cha kutunza majalada, na kwa kweli lilimkaa kuliko la kwao. Alikuwa mtu wa kupanga. Hata kijiko kikilala droo isiyo yake, yeye hapati usingizi. Kule masijala kila jalada lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mkia: herufi mbili tatu za kuonyesha ni la idara gani. Karatasi zote ndani ya jalada moja lazima ziwe na mkia mmoja. Karatasi yenye mkia wa kigeni ni karatasi iliyopotea njia, na karani aliyeiacha humo alikuwa anaitwa mbele ya wenzake. Masijala aliita wengi mbele ya wenzao, na aliifurahia sana kazi hiyo.

Sasa mtu kama huyu anastaafu, mkewe anaugua, binti anakwenda kazini, na mezani kuna kompyuta. Akafungua folda ya Mama. Akakuta orodha za dawa na tarehe za kliniki, ambazo binti alikuwa amezichapa, zote zina mkia wa aina moja baada ya nukta. Na humo humo, loo, mia nne na kumi na mawili yenye mkia wa kigeni! Jalada la mgonjwa, limechanganywa hivyo? Kwamba mkia huo ndio unaoiambia kompyuta kilichomo ni kitu gani, hakuna aliyewahi kumwambia. Yeye aliamini sauti ya mkewe imehifadhiwa ndani huko kwenye mashine, na kwamba haya ni majina tu ya kwenye daftari la orodha.

Alikaa hapo alasiri tatu mfululizo, miwani puani, Mama akiwa amelala, akarekebisha mkia mmoja baada ya mwingine. Kila mara kompyuta ilimuuliza: ukibadilisha, faili huenda lisifunguke tena, una uhakika? Na kila mara Masijala alijibu ndiyo, kwa subira ya bosi anayeulizwa swali lile lile na karani mgeni.

"Ni mimi," alisema.

Binti akageuka. "Baba, wewe nini?"

"Mikia. Nimeirekebisha mimi. Ilikuwa haifanani."

Mama akapiga mkono wa kiti kwa kiganja, pa, pa, pa. Akavuta daftari lake la kuandikia, akaandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, akaliinua: SAUTI YANGU IKO WAPI?

Masijala alikuwa amesoma barua nyingi za kufukuzwa watu, na zingine alizipiga muhuri mwenyewe. Hakuwahi kusoma maneno yaliyomkata maini kama yale manne. Alitua trei sakafuni, kwa sababu meza aliiona iko mbali.

"Baba, siku kumi!" binti alisema, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Siku kumi Mama anasema huku anatema damu! Kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu, Baba, uniulize!"

"Nilitaka nikushtukize," alisema, na mwenyewe akasikia lilivyo jibu la kipuuzi.

Fundi, kumbe, hakuwa anasikiliza ugomvi. Alikuwa ameinamia skrini, na bega lake lilikuwa limeanza kushuka kama la mtu anayetua mzigo. "Ngojeni kwanza," alisema. "Mzee, shikamoo, sijakuamkia hata. Uliandika tu mkia mpya? Hukufanya kingine?"

"Marahaba. Mkia tu."

"Basi tusilie bado. Ukibadilisha kibandiko cha nje ya debe la mafuta ukaandika sukari, mafuta hayawi sukari. Kompyuta imesoma kibandiko, ikajaribu kuisoma sauti kama barua, ndiyo maana mnaona uchafu. Lakini sauti iko ndani. Kwanza tunanakili folda nzima, ili tukikosea tusikosee juu ya kosa."

Akanakili. Akachukua faili moja katika nakala, akaurudisha mkia wa zamani. Karatasi ikapotea, alama ya muziki ikarudi. Akabonyeza.

"Funga mlango huo, mbu wanaingia!" ilisema sauti ya Mama.

Masijala akakurupuka akaenda akaufunga mlango.

Hakufikiri; miguu ilikwenda yenyewe kama ilivyokwenda kwa miaka arobaini. Aliposhika kitasa ndipo akazinduka kwamba ni mashine, akageuka, akamkuta binti amejiziba uso kwa mikono yote miwili, analia na kucheka pamoja. Mama alikuwa ameshikilia kitambaa cha shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kujisikia tangu siku ile walipomwingiza chumba cha upasuaji, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana njiani na marehemu. Kisha akaonyesha kidole: tena. Fundi akabonyeza tena. Mbu wakaingia tena, na safari hii hata fundi alicheka.

Kazi ya alasiri tatu za Masijala, fundi aliitengua kwa amri ya mstari mmoja. Mikia yote ikarudi kwa pamoja, kufumba na kufumbua, hata Masijala akaona aibu kwa ajili ya vidole vyake. Wakaanza kusikiliza. Nina kiu. Huyo daktari ana mikono ya baridi. Sitaki kuzungumza na huyo dada yako leo, mwambie nimelala. Binti alimpiga baba yake begani, mpigo wa kusamehe ambao bado una hasira ndani yake. Masijala aliokota trei, akaanza kumimina chai.

"Haya kumi na moja yamegoma," fundi alisema.

Alisema polepole, na Masijala aliijua namna hiyo ya kusema. Ni namna ya karani aliyefungua jalada akakuta pengo.

"Yapi?" binti aliuliza.

"Yameandikwa Baba. Baba moja mpaka Baba kumi na moja. Mkia nimeurudisha, lakini hayalii. Na tazama uzito wake. Mengine ni mazito, kama sauti inavyotakiwa. Haya ni mepesi mno, uzito wa mstari mmoja wa maandishi." Akamgeukia mzee. "Mzee wangu, haya uliyafungua?"

Chai ilikuwa imejaa kikombe, sasa ilikuwa inajaa kisahani.

Ndiyo, aliyafungua. Katika mafaili yote, hayo tu ndiyo aliyafungua, baada ya kubadilisha mikia. Yana jina lake, nani asingefungua? Alijua siku ya mwisho ya kurekodi Mama alimtoa binti chumbani akabaki peke yake na maikrofoni, na tangu siku hiyo alitamani kujua amesema nini juu yake. Akafungua, akakuta uchafu ule wa vimraba na herufi zilizobebana. Akafikiri mashine imechafua ukurasa. Na ukurasa mchafu hauwekwi kwenye jalada, hilo alilifundisha makarani vizazi vitatu.

"Nilisafisha," alisema.

"Ulisafishaje?"

"Nilifuta uchafu wote. Nikaandika juu, kwa unadhifu, Baba moja, imehakikiwa. Baba mbili, imehakikiwa. Nikahifadhi."

Fundi alitafuta nakala za zamani, hazikuwepo. Alimuuliza binti kama aliweka nakala mahali popote, na binti akatikisa kichwa tu, kwa sababu kila siku alisema ataweka kesho. Akaleta programu ya kufukua mafaili yaliyofutwa, kompyuta ikasaga nusu saa nzima, watu wanne wakiitazama bila kupumua vizuri. Haikufukua kitu.

"Kibandiko kinarudishwa," fundi alisema hatimaye. "Lakini ukishamwaga kilichokuwa ndani... Nisamehe, mzee. Haya yamekwenda."

Mia nne na moja yalikuwa salama. Sauti ya mkewe ingesema na daktari, na majirani, na muuza mboga, na dada mtu asiyetakiwa kwenye simu. Ni yeye peke yake aliyebaki bila kitu, na aliyemfanyia hivyo ni yeye mwenyewe, kwa vidole hivi hivi, akiwa amefurahi. Masijala alishikwa na butwaa la kweli. Alitaka kukaa akasahau jinsi ya kukaa. Mwishowe alipiga magoti mbele ya kiti cha mkewe, jambo ambalo hata siku ya posa hakulifanya.

"Ulisema nini humo?" alimuuliza. "Niandikie. Niandikie yote, nitasoma kila siku."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akachukua daftari, akaandika kidogo tu, akampa.

*Nilikuwa nakuita.*

"Zote kumi na moja?"

Akalichukua daftari tena. *Ya asubuhi. Ya chakula tayari. Ya hasira. Ya kutoka uani. Ya kukuamsha ukikoroma.* Akasita, akaongeza: *Haiandikiki.*

Binti alitoka nje haraka, mlango ukabaki wazi. Fundi akajishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba tableti ina sauti yake ya kiwandani, inaweza kuita mtu yeyote jina lolote. Mama alikataa kwa kichwa.

Kisha akamwinua Masijala kidevu, uso kwa uso, akaita. Hapakutoka hata pumzi, kwa sababu pumzi yake sasa ilipitia shingoni. Lakini midomo ilijifunga ikafunguka, na Masijala aliisoma bila taabu yoyote: Bwana we!

"Naam," alijibu.

Akaita tena, nyusi zimekunjwa. Ya hasira hiyo.

"Naam, nakuja."

Akaita ile ya kutoka uani, mdomo umefunguka wote, na Masijala aliitika kwa nguvu kiasi cha kumfanya fundi aruke. Machozi yalikuwa yanamtiririka, akainamisha kichwa ayafute kwa ukosi wa shati. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Alipoinua macho, midomo ya mkewe ilikuwa imeshajifunga, na alikuwa anamtazama, anangoja.

"Umeniita?" aliuliza.

Mama akaitikia kwa kichwa.

Masijala alibaki pale sakafuni, ameukodolea macho mdomo ule, akaogopa hata kupepesa.